Antibodi inayozuia antibodi: kwa nini seli za wagonjwa wa lupasi hutoa otoantibodi chache zikiongezewa IgG ya watu wenye afya?

#1 Mkuza_Seli
Habari zenu wanajukwaa. Nina jambo linalonisumbua kwa miezi kadhaa sasa. Ninakuza chembe nyeupe za damu za wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, waliokubali kuchangia utafiti. Ni mchanganyiko wa seli B (zinazotokeza antibodi), seli T (zinazozisaidia) na monosaiti (zinazomeza vitu), nao hukaa siku 7 kwenye kiowevu chenye kichocheo kinachotokana na mmea wa Phytolacca americana, kisha ninavuna kiowevu na kupima kwa Elisa (kipimo cha antibodi kwenye sahani ya visima) otoantibodi, yaani antibodi dhidi ya mwili wenyewe, zinazoishambulia DNA. Nikiongeza IgG, aina ya antibodi iliyo nyingi zaidi kwenye damu, iliyokusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangiaji wenye afya, ile ile ambayo wagonjwa hupewa kwa mshipa, otoantibodi hupungua waziwazi.

Maelezo niliyofundishwa ni ya mtandao wa idiotaipu aliyoyatoa Niels Jerne mwaka 1974. Kila antibodi ina umbo lake la pekee, yaani idiotaipu, kwenye ncha za kushikia, na umbo hilo lenyewe laweza kutambuliwa na antibodi nyingine, ambayo nayo yatambuliwa na ya tatu, na kuendelea. Dai langu ni kwamba ndani ya IgG ya watu wenye afya zimo antibodi zinazozitambua otoantibodi, na zikiikuta seli B iliyobeba umbo hilo juu ya utando wake huizima. Je, dai hili linasimama?

#2 Nuru_ya_Darubini
Linasimama, tena lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1984 Yvette Sultan, Michel Kazatchkine na wenzao waliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa na otoantibodi dhidi ya faktori VIII ya kugandisha damu. Walipopewa IgG nyingi kwa mshipa otoantibodi zilishuka, na vipande vya IgG hiyo vyenye ncha za kushikia tu viliweza kuzibatilisha otoantibodi hizo ndani ya mirija ya maabara. Pia ukiichunguza IgG ya wachangiaji wengi utakuta sehemu yake imeshikana mbilimbili, na kadiri wachangiaji wanavyoongezeka ndivyo jozi hizo zinavyoongezeka. Antibodi ya mtu mmoja imeitambua antibodi ya mtu mwingine. Sioni maelezo rahisi kuliko hayo.

#3 Fundi_Elisa
Naomba nimzuie kidogo ndugu wa #2, kwa sababu ameunganisha mambo mawili yasiyo ya ukoo mmoja. Kubatilisha otoantibodi iliyokwisha kutengenezwa si kuzuia isitengenezwe. Vipande vile vilipoiziba otoantibodi ndani ya mirija, hapakuwa na seli hata moja ya kuzimwa.

Hapo ndipo ninapomwogopea Mkuza_Seli. Kiowevu chako cha siku ya 7 kina otoantibodi za seli pamoja na IgG uliyoiongeza wewe mwenyewe. Kama ndani ya IgG hiyo zimo antibodi zinazoshika ncha za otoantibodi, basi otoantibodi itafika kwenye sahani ya Elisa ikiwa imekwisha zibwa, haitaishika DNA, na wewe utasoma kwamba imepungua ilhali seli zimeitengeneza kama kawaida. Isitoshe, antibodi yako ya kugundulia inatambua IgG yoyote ya binadamu, kwa hiyo IgG ya nje inayonata ovyo kwenye sahani itasomwa nayo. Ukitoa hesabu ya kisima kisicho na seli ili kusahihisha hilo, waweza kutoa zaidi ya inavyostahili.

Uliziosha seli kabla ya kukusanya kiowevu cha kupimwa? Hilo ndilo swali la kwanza, na mengine yote yasubiri.

#4 Mkuza_Seli
Asante, Fundi. Sikuziosha. IgG ilikaa kisimani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kiasi cha miligramu 10 kwa mililita, karibu sawa na iliyomo kwenye seramu ya mtu mzima. Nilitumia kisima kisicho na seli kusahihisha, kama ulivyohisi.

#5 Mwalimu_wa_Mkia
Hoja ya #3 ni nzito, lakini tusiifanye ifute biolojia yote. Kuna njia ambayo haihitaji idiotaipu hata kidogo, na ajabu ni kwamba mmoja wa walioanza kuichokonoa ni huyo huyo Jerne. Mwaka 1968, miaka sita kabla ya nadharia ya mtandao, yeye na Claudia Henry walionyesha kwamba panya waliochanjwa chembe nyekundu za kondoo waliitikia kwa nguvu zaidi wakipewa kwanza IgM, aina kubwa ya antibodi inayotangulia kutoka, dhidi ya chembe hizo, na waliitikia kwa unyonge wakipewa IgG. Wao walifikiri kwamba IgG inanyang'anyana antijeni, yaani kitu kinachoshikwa na antibodi, na seli. Baadaye ikaonekana kwamba IgG iliyokatwa mkia wake wa Fc huzuia kwa unyonge kuliko IgG nzima, na kama mambo yangekuwa kunyang'anyana tu, mkia usingekuwa na kazi.

Mkia unashikwa na kipokezi FcγRIIB, ambacho ndicho kipokezi pekee cha mkia wa IgG chenye umuhimu kwenye seli B, nacho ni cha kuzuia. Kikivutwa pamoja na kipokezi cha antijeni cha seli hiyo hiyo, sehemu yake ya ndani hukiita kimeng'enya SHIP-1, ambacho hukata mawasiliano ya uchochezi kabla hayajafika mbali, na seli B hutulia. Panya wa ukoo wa C57BL/6 wasio na kipokezi hiki hupata ugonjwa unaofanana na lupasi, kama walivyoonyesha Bolland na Ravetch mwaka 2000.

Jaribio lako ni jepesi: ikate IgG kwa pepsini, ambayo huondoa mkia na kuacha ncha mbili zikiwa zimeungana. Ncha zikizuia kama IgG nzima, Nuru yuko sahihi. Zisipozuia, mimi niko sahihi.

#6 Msomaji_Mkaidi
Mwalimu, shikamoo. Umesema kipokezi cha kuzuia lazima kivutwe pamoja na kipokezi cha antijeni. Kinachovivuta pamoja kwa kawaida ni antijeni iliyokwisha kushikwa na IgG, upande mmoja ukigusa seli kwa antijeni na upande wa pili kwa mkia. Lakini Mkuza_Seli hakuongeza antijeni. Aliongeza kichocheo cha mmea na IgG iliyotawanyika mojamoja, ambayo FcγRIIB huishika kwa unyonge sana. Daraja liko wapi?

#7 Mwalimu_wa_Mkia
Marahaba. Swali ni zuri, na jibu limo ndani ya kisima chenyewe. Kwa siku 7 seli nyingi hufa, na seli ikifa humwaga DNA na protini zake kwenye kiowevu. Antijeni ya lupasi, kwa hiyo, haihitaji kuongezwa na mtu. IgG yoyote yenye uwezo wa kuishika DNA itaungana nayo, na fungu hilo litaikuta seli B ya kupambana na DNA likiwa na vitu viwili kwa pamoja, yaani DNA ya kushikwa na kipokezi cha antijeni na mkia wa kushikwa na FcγRIIB. Daraja ni hilo.

#8 Toll_Tisa
Daraja hilo hilo, Mwalimu, huvusha pia watu wa kwenda upande wa pili. Leadbetter na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba mafungu ya IgG na kromatini (DNA pamoja na protini zake) hayakuzizima seli B zenye kutambua mkia wa IgG, bali yalizichochea. Seli ililishika fungu kwa kipokezi chake cha antijeni, ikalimeza, na DNA iliyomo ikakiamsha kipokezi TLR9 kilichomo ndani ya seli. Uchochezi wa njia mbili kwa pamoja ukaifanya seli igawanyike. Seli hizo za kutambua mkia ndizo zinazotoa otoantibodi iitwayo faktori ya rumatoidi, kwa hiyo hatuzungumzii kiumbe cha kubuni.

Maana yake ni kwamba antibodi ikiwa imebeba DNA yaweza kuongeza utengenezaji wa otoantibodi, na swali la "antibodi huzuia au huchochea" halina jibu mpaka useme imebeba nini na inagusa seli ipi.

#9 Mgeni_Mwenye_Swali
Samahani kwa kuingilia. Nilisoma kwamba IgG ya mshipani hufanya kazi kwa kukijaza kipokezi FcRn, ndipo otoantibodi zikapungua. Mbona hakuna aliyekitaja?

#10 Fundi_Elisa
Karibu. Hakikutajwa kwa sababu kazi yake kubwa iko ndani ya mwili mzima. FcRn huiokoa IgG iliyomezwa na seli, hasa za kuta za mishipa, na kuirudisha kwenye damu, na ndiyo sababu nusu ya IgG huwa bado ipo baada ya takriban siku 21. Ukiijaza nafasi hiyo kwa IgG nyingi au kwa dawa kama efgartigimod, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa maiasthenia gravisi, ugonjwa wa misuli kulegea, otoantibodi huharibiwa upesi pamoja na antibodi nyingine. Huo ni uharibifu wa haraka, si upungufu wa utengenezaji. Ndani ya kisima cha plastiki kwa siku 7 sidhani kwamba unabeba mzigo mkubwa.

#11 Mama_wa_Chembe_Sahani
Mimi si mtafiti, ni mgonjwa. Mwili wangu ulitengeneza antibodi dhidi ya chembe sahani zangu mwenyewe hadi zikabaki chache mno, nikawa natokwa na madoa ya damu chini ya ngozi na fizi zikivuja nikiamka. Nilipopewa IgG kwa mshipa, chembe zilipanda ndani ya siku chache, kisha baada ya wiki kadhaa zikashuka tena. Ningependa kujua kama maana yake ni kwamba seli zangu ziliacha kwa muda kutengeneza antibodi mbaya. Kila daktari niliyemuuliza alinipa jibu tofauti.

#12 Mwalimu_wa_Mkia
Pole sana dada, na asante kwa kutueleza. Paul Imbach na wenzake ndio walioandika mwaka 1981 kuhusu watoto wenye ugonjwa wako ambao chembe zao zilipanda kwa IgG, na matibabu haya yakaenea kutokea hapo. Kasi ya kupanda ndiyo inayojibu swali lako. Antibodi zilizokwisha kuwamo mwilini haziwezi kuisha kwa siku mbili tatu hata kama seli zote zingeacha kutengeneza nyingine saa ile ile. Kinachobadilika upesi hivyo ni ulaji, kwa kuwa makrofaji za wengu huacha kwa muda kuzila chembe zilizobandikwa antibodi. Kama utengenezaji nao ulipungua, huo ungejionyesha polepole, na kupanda kwako kwa haraka hakuthibitishi wala hakukanushi.

#13 Mama_wa_Chembe_Sahani
Nimekuelewa, na ninashukuru. Hakuna aliyewahi kunitenganishia ulaji na utengenezaji.

#14 Kiwanda_Kidogo
Narudi kwenye #1, kwa maana naona sote tunasema "seli B" kana kwamba ni kitu kimoja. Inayomwaga antibodi kwa wingi si seli B iliyopumzika bali plasmablasti na seli ya plazima, yaani seli B zilizogeuka viwanda vya antibodi, na hizo, hasa za ukoo wa IgG, zimekwisha kupunguza sana kipokezi cha antijeni juu ya utando. Antibodi ya kutambua idiotaipu itamshika nani? Itaikuta otoantibodi iliyokwisha kumwagwa, ambayo ni hoja ya Fundi. Dawa ya rituximabu, iliyoidhinishwa kwanza mwaka 1997 kwa limfoma, ina somo linalofanana na hili: hulenga CD20, alama iliyo juu ya seli B, seli za plazima hazina CD20, na ndiyo maana otoantibodi zinazotoka kwenye seli za plazima za muda mrefu zaweza kuendelea hata seli B zikitoweka kwenye damu.

Lakini seli za plazima zina FcγRIIB. Utafiti wa panya wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kipokezi hicho kikibanwa pamoja kwa wingi, seli za plazima zenyewe hufa. Kwa hiyo mkia waweza kufanya kazi pasipo daraja la antijeni analolidai Msomaji_Mkaidi, mradi IgG iwe imeshikana mafungumafungu.

#15 Nuru_ya_Darubini
Naona ndugu zangu mmenizingira. Nakubali kwamba mfano wa faktori VIII ulikuwa wa kubatilisha, na nilikosea kuuleta kama ushahidi wa kuzuia utengenezaji. Hata hivyo, kisima cha Mkuza_Seli kinaanza siku ya kwanza na seli B ambazo bado zina vipokezi vyake. Kama antibodi ya idiotaipu inazigusa kabla hazijageuka viwanda, Kiwanda_Kidogo amefika akiwa amechelewa. Ningeongeza IgG kwa nyakati tofauti, siku ya 0, ya 3 na ya 5, nione uwezo wake wa kuzuia unapotea lini.

#16 Jirani_wa_Seli_T
Mbona mnazungumza kana kwamba seli B iko peke yake kisimani? Kichocheo hicho cha mmea kinazihitaji seli T na monosaiti ili seli B zitoe antibodi. IgG ya nje ikizituliza monosaiti, ambazo zina vipokezi vingi vya mkia kuliko seli B, au ikizipunguza saitokini (protini ambazo seli huwasiliana kwazo) kama IL-6, otoantibodi zitapungua bila seli B kuguswa moja kwa moja. Tena ndani ya IgG ya wachangiaji zimekutwa antibodi zinazomshika BAFF, ambaye ni chakula cha seli B. Hiyo nayo ni "antibodi kuzuia antibodi", ila kwa kupitia mlango wa jikoni.

Jaribu seli B zilizotengwa peke yake, uzichochee kwa CD40L na IL-21, ishara ambazo kwa kawaida hutoka kwa seli T. Zuio likitoweka, waache wa idiotaipu na wa mkia wagombane, sisi tutakuwa tumekwisha jibu.

#17 Msomaji_Mkaidi
Na pima IgG zote na antibodi za chanjo ya pepopunda pia, si za DNA tu! Kama zote zinashuka kwa pamoja, hakuna idiotaipu hapo. Ni seli zimechoka. Je, uliitoa sukari ya kuhifadhia? Baadhi ya chupa za IgG hutiwa maltosi au sukrosi, nyingine glaisini, na kwa miligramu 10 kwa mililita unaweza kuwa unazikausha seli kwa mkazo wa osmosi, kisha ukaita matokeo kinga. Nilipoteza nusu mwaka kwa kosa hilo. Tangu hapo sianzi jaribio bila kuisafisha IgG kwa dayalisisi (kuichuja kupitia utando) na kuweka kisima cha albumini, protini ya damu isiyo antibodi, ya kiasi kile kile pembeni.

#18 Wa_Kwanza_Kufika
Nyote mmeing'ang'ania IgG, mkamsahau mkubwa wake. Mwaka 2000 makundi mawili, la Boes na la Ehrenstein, yalionyesha kwamba panya wasioweza kumwaga IgM hutengeneza IgG nyingi za kushambulia mwili wao wenyewe. IgM ya asili, ambayo nyingi yake hushika mabaki ya seli, huenda husaidia kuyafagia kabla hayajawachochea wengine. Kumbukeni sasa kwamba seramu ya ndama asiyezaliwa tunayoitia kwenye viowevu vyetu ina antibodi chache mno. Kisima kisichoongezewa kitu, ambacho Mkuza_Seli anakiita cha kawaida, kwa kweli ni mahali pasipo ufagio. Pengine IgG yake haizuii chochote, bali inarudisha sehemu ya hali ambayo seli hizo zilikuwa nayo ndani ya damu.

#19 Toll_Tisa
Hoja hii nimeipenda kuliko zote za uzi huu, hata kama inanipunguzia nguvu. Ikiwa DNA iliyomwagwa ndiyo inayoiamsha TLR9, basi anayeifagia DNA anazuia bila kuigusa seli B kabisa. Ningeongeza kisima chenye kimeng'enya cha kuikata DNA, bila IgG yoyote, nione kama otoantibodi zinashuka zenyewe.

#20 Mgeni_Mwenye_Swali
Nina swali lingine, mniwie radhi. Seli B hizi zenye hatari zinatoka wapi? Nilidhani mwili huziua mapema.

#21 Kiwanda_Kidogo
Huziua nyingi au huzibadilisha, lakini zinazoanza ni nyingi zaidi ya tunavyodhani. Hedda Wardemann na wenzake mwaka 2003 walikuta kwamba kati ya asilimia 55 na 75 ya antibodi za seli B changa kabisa za uboho wa binadamu zilikuwa na uwezo wa kushika vitu vya mwili wenyewe. Hushuka sana kadiri seli zinavyokomaa, ila hazifiki sifuri. Kwa hiyo kisima cha mtu mwenye afya nacho kina seli hizo. Mkuza_Seli, ulikiweka?

#22 Herufi_Moja
Mkuza_Seli, kabla hujajibu, naomba uangalie jeni za wachangiaji wako. FcγRIIB ina aina ambayo asidi amino ya nafasi ya 232 ni threonini badala ya isoleusini. Kipokezi cha aina hiyo hakikai vizuri kwenye sehemu za utando ambako kazi ya kuzuia hufanyika, na wanaorithi nakala mbili zake wako kwenye hatari kubwa zaidi ya lupasi. Aina hiyo imeenea zaidi Afrika na Kusini-mashariki mwa Asia, na imehusishwa na kinga dhidi ya malaria kali. Seli za mtu huyo zikiitikia IgG sawa na za wengine, Mwalimu_wa_Mkia atakuwa na kazi ya kutueleza.

#23 Mkuza_Seli
Nimechukua muda kurudi kwa sababu nilitaka kuja na kitu mkononi. Nimeisafisha IgG kwa dayalisisi, nimeweka kisima cha albumini, na nimepima antibodi za pepopunda pamoja na za DNA. Albumini haikupunguza chochote. Zote mbili zilishuka kwa IgG nzima, ila za DNA zilishuka zaidi. Vipande vya pepsini vilipunguza za DNA kwa kiasi kidogo kuliko IgG nzima, lakini havikuwa bure. Seli za watu wenye afya ninazo kwenye friza, bado sijazikuza, na jeni sijazisoma.

#24 Mwalimu_wa_Mkia
IgG nzima imezidi vipande. Mkia una kazi.

#25 Nuru_ya_Darubini
Vipande havikuwa bure, na za DNA zilishuka kuliko za pepopunda. Ncha nazo zina kazi.

#26 Jirani_wa_Seli_T
Na kwa kuwa pepopunda nayo ilishuka, kuna kitu kinachozigusa seli zote, zenye otoantibodi na zisizo nazo. Bado sijasikia habari ya seli B peke yake.

#27 Fundi_Elisa
Hongera kwa kazi, ndugu, na nakuheshimu kwa kuyaleta matokeo jinsi yalivyo. Lakini tofauti kati ya DNA na pepopunda ndiyo hasa ambayo kuzibwa kwa ncha kungeizaa, na tena wachangiaji waliochanjwa pepopunda wamekujazia kisima chako antibodi zake, kwa hiyo namba hiyo ya pili siiamini kabisa. Ongeza IgG, subiri, kisha siku ya 5 ziondoe seli, zioshe mara tatu kwenye sentrifuji, uzipande kwenye sahani ya Elispoti iliyofunikwa DNA, na hesabu madoa. Kila doa ni seli moja iliyomwaga otoantibodi hapo hapo ilipokaa, bila IgG ya nje kuwamo. Tazama idadi ya madoa, kisha tazama na ukubwa wake, kwa kuwa seli chache zinazomwaga kwa wingi na seli nyingi zinazomwaga kidogo ni habari mbili tofauti.

#28 Mkuza_Seli
Sahani za Elispoti nitazipata wiki ijayo. Nitaanza na seli mchanganyiko na seli B peke yake kwa pamoja, IgG nzima na vipande, siku ya 0 na siku ya 3, na kisima kimoja cha kimeng'enya cha kukata DNA kwa ajili ya Toll_Tisa. Fundi, nizioshe kwa kiowevu cha baridi au cha joto la kawaida?

#29 Fundi_Elisa
Anza na cha joto la nyuzi 37, kwa sababu IgG iliyonata kwenye vipokezi vya monosaiti huachia polepole kwenye baridi, kisha ziache dakika 30 na uoshe tena. Maji ya mwisho ya kuoshea yapime kwa Elisa. Yakionyesha IgG ya binadamu, usipande.